Nguruwe wa sosi tamu-chachu: nyama inasingiziwa

Kuanzia mwaka 1757 hadi 1842, mfanyabiashara wa Ulaya aliyefuata bidhaa za China kwa njia ya bahari alikuwa na mlango mmoja tu: bandari ya Guangzhou, kusini mwa nchi hiyo. Ni katika jimbo la Guangdong, iliko bandari hiyo, na jirani yake Hong Kong, ndiko kilikopata sifa chakula ambacho leo hakikosekani kwenye mikahawa ya Kichina, iwe London, Nairobi au Dar es Salaam: vipande vya nguruwe vilivyokaangwa vikawa vikavu, kisha vikagaragazwa katika sosi nyekundu yenye utamu na uchachu. Wakantoni, yaani wenyeji wa huko, wanakiita gulou yuk. Huko Harbin, kaskazini kabisa, yupo ndugu yake, guo bao rou, mwenye slesi pana zilizovikwa wanga wa viazi. Husimuliwa kwamba mpishi Zheng Xingwen ndiye aliyemgeuza kutoka chakula cha chumvi kuwa cha sukari na siki, mwanzoni mwa karne ya 20, ili kuwaridhisha wageni waliotoka Urusi.

Walaji wanaochunga afya hukiogopa chakula hiki, na kidole chao humwelekea nguruwe. Wanamwonea.

Sarara ya nguruwe, yaani ile nyama laini inayolala kando ya uti wa mgongo, ikiwa mbichi ina takriban gramu 3 hadi 4 tu za mafuta katika kila gramu 100. Nyama ya tumbo hupita gramu 50. Kwa hiyo kazi ya kwanza haiko jikoni bali buchani: mnunuzi aseme anataka sarara, asimame aone inakatwa, wala asikubali mchanganyiko wa kitimoto cha kuchoma, ambacho utamu wake wote unategemea mafuta.

Wakosaji wenyewe ni wawili. Wa kwanza ni rojo la unga linaloivika nyama kabla ya kuzamishwa kwenye mafuta mengi, mara nyingi zaidi ya mara moja. Maji yanapotoka kwenye unga, mafuta hushika nafasi yake, na kila gramu ya mafuta hubeba kalori 9, zaidi ya maradufu ya gramu ya sukari. Wa pili ni sosi. Si ajabu kukuta mapishi ya watu wanne yakidai nusu kikombe cha sukari, ambayo ni kama gramu 100, na bado kuna tomato sosi ya chupa, ambayo zaidi ya sehemu moja kwa tano ya uzito wake ni sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingefaa zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Sahani moja inaweza kuumaliza mgao huo kabla chai ya jioni haijamiminwa.

Uchachu ndio uliosahauliwa. Sosi nyingi za mikahawani zina utamu tele na uchachu wa kubembeleza, na hapo ndipo mpishi wa nyumbani anapoweza kuwashinda. Kwa watu wanne na gramu 400 za nyama, vijiko vitatu vya chakula vya siki, nyanya mbili zilizoiva sana na kusagwa, kijiko kimoja cha sukari, kijiko kimoja cha sosi ya soya na nusu kikombe cha maji vinatosha kabisa. Kila mlaji anapata kama gramu 3 za sukari ya kuongezwa. Utamu unaobaki utoke kwenye nanasi, vipande si juisi, maana juisi nayo Shirika hilo huihesabu pamoja na sukari ya kuongezwa. Mwenye ukwaju anaweza kuutumia badala ya nusu ya siki. Rangi itafifia na kuwa ya kahawia, lakini ladha haidai fidia. Chumvi isitiwe. Kijiko kimoja cha soya kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na kikomo cha siku ni gramu 5.

Nyama ikatwe vipande vyembamba kukingama nyuzi zake, ichanganywe na kijiko cha chai cha soya na kijiko cha chakula cha wanga wa mahindi, ule mweupe laini kama poda, si unga wa ugali. Ikae dakika 20. Ganda hilo jembamba huzuia maji ya nyama yasikimbie, na baadaye huishika sosi. Kazi ya rojo zito imekwisha bila rojo. Karai lipate moto hasa, kijiko kimoja cha mafuta kitandazwe, nyama iingie kwa mafungu mawili. Wenye haraka huimwaga yote mara moja, karai linapoa, maji yanatoka, na kinacholiwa ni nyama ya kuchemsha. Jiko la mkaa uliokolea, kwa kazi hii, halina cha kuonea aibu mbele ya jiko dogo la umeme.

Nyama ikiiva itolewe. Kijiko cha pili cha mafuta kipokee karoti, kitunguu maji na pilipili hoho, kisha tangawizi na kitunguu saumu, ambavyo vikitangulia huungua. Dakika mbili au tatu zinatosha. Hoho iliyolegea haina kazi humu. Sosi imiminwe, ichemke, ndipo kijiko cha chai cha wanga uliokorogwa kwa maji baridi kiingie. Wanga hutangulizwa maji baridi ili usifanye madonge, na huja mwishoni kwa sababu siki ikichemka nao muda mrefu huuvunja na sosi inarudi kuwa maji. Nyama irudi karaini, nanasi lifunge safari. Nanasi bichi, liwe la Kiwangwa au la Thika, lina kimeng'enya cha bromelaini kinachomeng'enya protini, hivyo likilazwa na nyama usiku kucha huigeuza uji. Likiingia kwenye moto, nguvu hiyo hufa.

Kuna jambo moja lisilo na mzaha. Mwaka 2011 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilishusha kiwango cha joto la kuivisha minofu ya nguruwe hadi nyuzi 63 za Selsiasi, hata ikibaki na wekundu kidogo katikati. Ruhusa hiyo isimpumbaze mtu wa maeneo ambako nguruwe bado huzurura wakila vinyesi. Mwaka 2014, tegu wa nguruwe alitajwa wa kwanza katika orodha ya vimelea vya chakula iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo. Nyama isiyoiva humpa mlaji tegu wa tumboni. Mayai ya tegu huyo, yakifika kwenye chakula kupitia mikono michafu, ndiyo yanayoweza kuzaa malengelenge ya ubongo na kifafa. Vipande vyembamba huiva upesi: kikatwe kimoja, kisiwe na wekundu hata chembe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa hoho.

Nyumba zisizokula nguruwe zitumie paja la kuku lisilo na ngozi wala mfupa. Vipimo vya sosi havibadiliki.