Deni la unga na njia ya mzunguko

Ukitaka kumjua mja, mpenzi msomaji, usimchunguze siku ya mshahara. Mchunguze tarehe 20, anapopita mbele ya duka analodaiwa.

Wapo wanaoinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Wapo wanaozungumza kwa sauti kubwa na simu iliyozima. Mimi nilichagua kuzunguka. Kutoka kituo cha matatu hadi mlangoni kwangu ni mwendo wa dakika nne. Kwa sababu ya Sh340 za unga, mkate na sabuni, nilitembea dakika kumi na tano kando ya mtaro wa maji machafu, kwa wiki tatu nzima.

Wahenga hawakukosea: kukopa harusi, kulipa matanga. Mama mwenye duka ametundika kibao, 'Leo pesa, kesho mkopo', lakini chini ya kaunta kuna daftari lililojaa majina yetu. Kibao ni cha wageni, daftari ni la majirani.

Ajabu ni kwamba nilianza kumchukia. Nilimwambia mke wangu kuwa bei za mama yule ziko juu na ratili yake haifiki. Mke wangu alinitazama tu. Alijua, kama nijuavyo sasa, kwamba binadamu akimkosea mwenzake humtafutia kosa ili wawe sare.

Fuliza ilipoanza mwaka wa 2019, wengi tulidhani aibu ya kukopa imekwisha. Simu haikununii wala haikuoni ukipenya vichochoroni. Lakini pesa zikiingia tu, hujilipa yenyewe kabla hujakohoa. Mama wa duka hana uwezo huo. Yeye hungoja.

Jumamosi moja nilimtuma mwanangu chumvi, nikampa sarafu mkononi. (Naam, mtu mzima nilimtanguliza mtoto.) Akarudi mbio.

"Baba, mama wa duka anauliza kama wewe ni mgonjwa. Anasema hajakuona siku nyingi."

Nilikaa kidogo. Kisha nikachomoa Sh340 kwenye pesa za nauli, nikapita njia fupi. Alilamba kidole, akafungua daftari, akapiga mstari juu ya jina langu. Hakusema neno kuhusu zile wiki tatu.

"Na maziwa, Baba Boi? Leo huchukui?"

Mfukoni nilikuwa na shilingi kumi. Nikachukua pakiti moja. Akaandika.