Kutu Chini ya Lori Jipya: Mnunuzi Akague Nini?

Mnunuzi wa lori jipya anapoinama kuangalia chini yake, huweza kushtuka kuona wekundu wa kutu kwenye chuma ambacho hakijawahi kubeba mzigo. Si kila kutu ni ubovu, wala si kila rangi nyeusi ni kinga. Mkulima wa Nachingwea au Ruangwa anayeweka fedha za misimu kadhaa ya korosho na ufuta katika chombo kimoja hana budi kuijua tofauti hiyo kabla ya kulipokea.

Kutu ya juujuu na kutu ya hatari

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa, na chumvi huiharakisha. Malori mengi huletwa kwa meli, kisha husubiri bandarini au katika yadi za pwani. Diski za breki, propela shafti na sehemu zilizochomelewa ndizo hutangulia.

Kutu ya juujuu hutoka kwa brashi ya waya na kuacha chuma kizima. Sehemu hiyo husafishwa na kupakwa rangi. Kutu inayobanduka kama magamba, kuacha vishimo au kuvimbisha maungio ya chasisi ni ya hatari, kwa kuwa hupunguza unene wa chuma kinachobeba mzigo.

Mpako wa kinga

Mpako wa lami, mpira au nta huzuia maji na kokoto zisifikie chuma, mradi upakwe juu ya chuma safi na kikavu. Ukipakwa juu ya kutu au tope, hufungia unyevu ndani na kutu huendelea kula bila kuonekana. Kwa hiyo, uonapo mpako mzito uliopakwa karibuni, uliza ulipakwa na nani, lini, na kwa sababu gani. Breki, ekzosi na propela shafti zisipakwe, na matundu ya kutolea maji yasizibwe. Soma pia masharti ya dhamana kabla ya kumruhusu fundi kupaka au kutoboa chochote.

Baada ya kununua

Salfa ya unga inayopulizwa mikorosho, mbolea na chumvi ya pwani ya Lindi hula chuma zinapolowa. Baada ya kubeba mizigo hiyo, au kupita kwenye tope la masika, osha lori chini kwa maji safi, hasa ndani ya chasisi, na uliache likauke.

Haki yako kisheria

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi nafasi ya kukagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa ameikubali. Hata hivyo, aliyekagua huweza kupoteza haki ya kudai kuhusu kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuibaini. Kwa sababu hiyo:

- kagua mchana, ukiwa na tochi na fundi asiye wa muuzaji;
- piga picha za chasisi pamoja na namba yake;
- andika kasoro kwenye hati ya makabidhiano kabla ya kusaini;
- ahadi ya muuzaji kwamba atarekebisha iwe kwa maandishi, yenye tarehe;
- tunza stakabadhi na hati ya dhamana.

Muuzaji akikupotosha kuhusu hali ya lori, mwandikie kwanza. Asipochukua hatua, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ukiambatisha nakala za nyaraka hizo.