SURA YA SITA: MAZOEZI YA MWILI NA NJIA ZA KUYADUMISHA

Umekwisha kujifunza kwamba moyo husukuma damu, na damu hupita katika mishipa mpaka kila sehemu ya mwili. Katika sura hii utajifunza jinsi moyo, mapafu na misuli vinavyopata nguvu kwa kutumiwa, na jinsi vinavyodhoofika visipotumiwa. Tena utajifunza namna ya kudumu katika mazoezi, kwa maana kuanza ni rahisi, bali kuendelea kunataka mpango.

1. Watoto wawili wa Bariadi

Fikiri juu ya mtoto anayekaa kijijini katika Wilaya ya Bariadi. Alfajiri huenda kuchota maji. Kisha hutembea kwenda shule, na huko hukimbia mchakamchaka pamoja na wenzake. Jioni huwarudisha ng'ombe kutoka malishoni, na wakati wa mavuno huwasaidia wazazi wake kuchuma pamba. Hakuna aliyemwambia afanye mazoezi, lakini mwili wake umefanya mazoezi kutwa nzima.

Sasa fikiri juu ya mwenzake anayekaa mjini, karibu na barabara kuu. Maji hutoka katika bomba nyumbani kwao. Kwenda shule hupanda pikipiki. Jioni huketi mbele ya televisheni au simu mpaka wakati wa kulala. Leo mtoto huyu haumwi. Lakini akiendelea hivyo mwaka hadi mwaka, moyo na misuli yake haitapata nguvu inavyostahili.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na Bariadi ndiyo makao makuu yake. Miji inakua, barabara zinajengwa na maji yanasogezwa karibu na watu. Hayo ni maendeleo mema, kwa sababu yanatupunguzia taabu. Lakini kazi za mikono na miguu zikipungua, ni lazima tutafute njia nyingine ya kuushughulisha mwili.

2. Mambo yanayotokea mwilini wakati wa mazoezi

Unapokimbia, misuli ya miguu hufanya kazi nyingi. Ili ifanye kazi, inahitaji chakula na hewa ya oksijeni. Vitu hivi viwili huletwa na damu. Kwa hiyo moyo hupiga upesi zaidi ili damu nyingi ifike haraka kwenye misuli. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma lita 5 hivi za damu kwa dakika moja. Akifanya kazi ngumu, moyo huo huweza kusukuma lita 20 hivi kwa dakika.

Mapafu nayo hufanya bidii. Unahema kwa nguvu ili upate oksijeni zaidi, na ili utoe hewa ya kabonidioksaidi inayotengenezwa na misuli. Wakati huo huo mwili hupata joto, na ngozi hutoa jasho. Jasho likikauka huchukua joto, na mwili hupoa.

Ukifanya hivyo mara kwa mara, mwili hubadilika. Misuli huongezeka nguvu. Mifupa inakuwa imara. Moyo hupata nguvu ya kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo moja, na kwa hiyo huna haja ya mapigo mengi unapokuwa umetulia.

3. Jaribio: Kuhesabu mapigo ya moyo

Vifaa: saa yenye mshale wa sekunde, karatasi na kalamu.

Njia:
(a) Fanyeni kazi hii wawili wawili. Keti kimya kwa dakika 5.
(b) Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mpaka usikie mapigo.
(c) Hesabu mapigo kwa sekunde 30 huku mwenzako akitazama saa. Zidisha kwa 2 ili upate mapigo ya dakika moja. Andika.
(d) Ruka kamba au rukaruka mahali ulipo kwa dakika 2. Hesabu tena mara moja. Andika.
(e) Pumzika, na hesabu tena baada ya dakika 1, dakika 3 na dakika 5. Andika kila mara.

Matokeo: Kwa watoto wengi wa umri wako, mapigo wakati wa kutulia huwa kati ya 70 na 100 kwa dakika. Baada ya kuruka huongezeka sana, kisha hushuka polepole.

Tunza karatasi yako. Fanya mazoezi kwa majuma 6, halafu rudia jaribio hili. Utaweza kuona kama moyo wako unarudi katika hali ya utulivu upesi zaidi kuliko mwanzo. Usijilinganishe na mwenzako. Jilinganishe na ulivyokuwa wewe mwenyewe.

4. Mwili usipotumiwa

Huenda umewahi kumwona mtu aliyevunjika mguu akafungwa plasta kwa majuma kadhaa. Plasta ikiondolewa, mguu ule huonekana mwembamba kuliko mwenzake. Chakula alikula, na damu ilipita. Kilichokosekana ni kazi. Misuli isiyofanya kazi hupungua, na ikianza kutumiwa tena huongezeka.

Moyo pia ni msuli. Watu wazima wasioushughulisha mwili kwa miaka mingi wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo na aina moja ya kisukari. Magonjwa haya hayaambukizi kama kipindupindu. Huja kimyakimya, na kinga yake huanza utotoni.

Kusini-mashariki ya Mkoa wa Simiyu, kandokando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe. Wengi wao wamezoea kuwinda, kuchimba mizizi na kuchuma matunda ya porini. Wataalamu waliwafungia baadhi yao kifuani vyombo vya kuhesabu mapigo ya moyo. Mwaka 2017 walieleza kwamba watu hao walikuwa wakifanya shughuli za kuuchangamsha moyo kwa zaidi ya saa mbili kila siku, na kwamba dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache kwao, hata kwa wazee.

Je, mtoto anahitaji mazoezi kiasi gani? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Si lazima dakika hizo zifuatane. Mchakamchaka, kutembea, kucheza na kufanya kazi za nyumbani huhesabiwa pamoja.

5. Njia za kudumu katika mazoezi

Watu wengi huanza mazoezi kwa shauku, na baada ya siku chache huacha. Si kwamba wote ni wavivu. Mara nyingi hawakujiwekea mpango. Tujifunze kwa wazee wetu.

Wasukuma wana ngoma ya bugobogobo, inayochezwa kwa majembe. Wakulima hulima kwa pamoja, na mdundo wa ngoma huwaongoza. Anayelima peke yake huchoka mapema. Anayelima pamoja na wenzake huona aibu kuwa wa kwanza kuketi, na wimbo humsahaulisha uchovu. Vilevile vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza ngoma baada ya mavuno, na kwa ajili ya siku hiyo hufanya mazoezi mapema. Hapo tunapata mafunzo haya:

(a) Fanya pamoja na wenzako. Chagua rafiki wawili au watatu. Mmoja akikosa, wengine wamwulizie.
(b) Chagua unachokipenda. Anayechoshwa na mbio acheze mpira, rede, kuruka kamba, kuvuta kamba au ngoma.
(c) Weka wakati maalumu, kwa mfano kabla ya kuoga jioni. Jambo lenye wakati wake halisahauliki.
(d) Anza kidogo. Juma la kwanza dakika 10, juma la pili dakika 15. Anayeanza kwa pupa huumia na kuacha.
(e) Weka alama kwenye karatasi kila siku uliyofanya. Karatasi itakwambia ukweli.
(f) Uwe na njia ya pili. Masika udongo mweusi wa mbugani hunata miguuni na uwanja hujaa maji. Siku hiyo rukaruka ndani au cheza ngoma kibarazani.
(g) Ukikosa siku moja, rudi siku inayofuata. Kukosa siku moja hakuharibu kitu. Kinachoharibu ni kusema, "Basi, nimekwisha kushindwa."

Wasichana na wavulana wote wanahitaji mazoezi. Mwanafunzi mwenye ulemavu naye achague mchezo unaomfaa, na wenzake wamshirikishe. Asiyeweza kukimbia huweza kurusha mpira, kupiga ngoma au kufanya mazoezi ya mikono.

6. Faida ya kutokukata tamaa

Mwaka 2017, mkimbiaji wa Tanzania Alphonce Simbu, mwenyeji wa Singida, alipata medali ya shaba katika mbio ndefu za kilomita 42 na zaidi, kwenye mashindano ya dunia yaliyofanyika London. Aliendelea kufanya mazoezi mwaka baada ya mwaka. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, alishinda mbio hizo na kupata medali ya dhahabu, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo. Tofauti kati yake na mkimbiaji wa Ujerumani aliyemfuata ilikuwa ndogo kuliko kupepesa jicho, yaani sehemu 3 tu za mia moja za sekunde. Miaka minane ya mazoezi ilipita kati ya shaba na dhahabu.

Wewe huenda usikimbie Tokyo. Lakini moyo wako utafanya kazi maisha yako yote, nao unahitaji kuandaliwa.

7. Tahadhari

Pasha mwili joto polepole kabla ya kukimbia. Kunywa maji safi. Epuka jua kali la mchana. Tazama uwanja kama una miiba au vipande vya chupa. Ukiona kizunguzungu au maumivu ya kifua, acha mara moja na umwambie mwalimu. Mgonjwa apumzike kwanza.

Mambo ya kukumbuka

Mazoezi huimarisha moyo, mapafu, misuli na mifupa. Nguvu inayopatikana kwa mazoezi hupotea mtu akiacha. Mpango, wenzako na wakati maalumu husaidia kudumu.

Maswali

1. Kwa nini moyo hupiga upesi unapokimbia?
2. Kwa nini mguu uliofungwa plasta huwa mwembamba?
3. Taja kazi tatu za nyumbani kwenu ambazo ni mazoezi ya mwili.
4. Bugobogobo hutufundisha nini juu ya kudumu katika kazi?
5. Waulize wazee wawili walikuwa wakienda shule au sokoni kwa njia gani walipokuwa watoto. Linganisha majibu yao na safari zako.
6. Andika mpango wako wa mazoezi wa juma moja. Onyesha siku, saa, mchezo na utakayefanya naye.