Faili ya Mgonjwa ni Amana

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humkaripia mgonjwa, lakini haimwambii neno yule anayeipokea siri yake na kuiandika katika faili. Nionavyo mimi, katika magonjwa ya akili, huyu wa pili ndiye wa kuulizwa zaidi.

Manufaa ya faili hizo hayana shaka. Kusini mwa London, Hospitali ya Maudsley na wenzake walianzisha mwaka wa 2008 utaratibu wa watafiti kusoma kumbukumbu za wagonjwa katika tarakilishi, majina na anwani zikiwa zimefichwa. Mwaka wa 2011, kumbukumbu hizo zilidhihirisha kuwa wanaume wenye skizofrenia walipungukiwa na miaka 14.6 ya kuishi wakilinganishwa na wanaume wengine nchini humo. Daktari anayemwona mgonjwa mmoja mmoja asingeligundua pengo hilo. Lilihitaji maelfu ya faili kusomwa kwa pamoja.

Nasi tuna maswali yetu. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza kuwahudumia wagonjwa wa akili mwaka wa 1910. Ni nani arudiye wodini baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani? Je, hurudi kwa kukosa dawa, au kwa kutupwa na jamaa? Majibu yamo katika kumbukumbu, si katika uvumi.

Hata hivyo, mgonjwa ana sababu ya kuogopa. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Aliyemweleza daktari ukweli aliweza kuwa ameandikisha ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Wala kufuta jina pekee hakutoshi. Mwalimu wa kike, mama wa mapacha, aliyelazwa mwezi wa Machi: kijijini kwao nani asiyemjua?

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Hiyo ni hatua njema, ila sheria haiketi mezani utafiti unapoidhinishwa. Kule London, wagonjwa wenyewe wamo katika kamati ya usimamizi. Nasi tuwape viti, tena wawe na uwezo wa kukataa.

Nanyi wanafunzi mnaoazimia kuwa watafiti, kumbukeni kwamba faili ile ni amana. Mwenyewe aliitoa akitafuta tiba, na akisalitiwa, kesho hatasema tena.