Somo la Kumi na Mbili: Kuchagua Bisibisi ya Pembe Sita

Tazama penseli yako na uhesabu pande zake. Penseli nyingi zina pande sita zilizo sawa. Umbo hilo huitwa pembesita. Sasa tazama usukani wa baiskeli mahali unapoungana na fremu. Katika baiskeli nyingi utaona skrubu yenye tundu la pande sita juu ya kichwa chake. Skrubu za namna hiyo, lakini ndogo zaidi, ndizo zinazofunga kigari kinachoongozwa kwa redio.

Kigari hicho ni mfano mdogo wa motokaa. Mchezaji hushika mkononi chombo kinachopeleka mawimbi ya redio. Ndani ya kigari mna chombo kingine kinachoyapokea mawimbi hayo na kuiongoza mota ya umeme na usukani. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilianza kuuza vigari vya namna hii mwaka 1976. Vingi hutengenezwa kwa kipimo cha moja ya kumi. Yaani motokaa yenye urefu wa meta 4 huwa kigari chenye urefu wa sentimita 40.

Kigari hukimbia, huruka na kugonga mawe. Kwa hiyo mwenyewe hana budi kukifungua mara kwa mara ili asafishe vumbi, abadili giya au atie mafuta katika shokapu. Tundu la skrubu moja likiharibika, mota iliyoungua haitoki, na kigari kizima huweza kuwa kazi bure. Aghalabu kosa si la skrubu bali ni la bisibisi. Katika somo hili utajifunza kuchagua bisibisi iliyo imara, na sababu za uimara wake.

Kwa nini pembe sita?

Zamani katika viwanda, skrubu zilizokaza magurudumu ya mikanda zilikuwa na vichwa vya mraba vilivyochomoza nje. Gurudumu lilipozunguka, kichwa kiliweza kunasa nguo ya mfanyakazi na kumjeruhi vibaya. Mwaka 1910 William G. Allen, wa mji wa Hartford nchini Marekani, alipata hataza ya kutengeneza skrubu za usalama zenye tundu la pembe sita. Skrubu hizo hazikuchomoza.

Tundu hilo lina faida nyingine. Kuta za mfereji wa skrubu ya msalaba zimeinama, kwa hiyo bisibisi yake hupanda na kutoka ukiikaza sana. Kuta za tundu la pembe sita zimesimama wima. Bisibisi haisukumwi nje, na nguvu yote ya mkono huenda katika kuzungusha.

Jaribio

Vifaa: penseli mbili zenye pande sita, kisu kidogo, na udongo wa mfinyanzi.

1. Finyanga madonge mawili ya udongo. Didimiza penseli moja katika kila donge, kisha ichomoe polepole. Umepata matundu mawili ya pembe sita.
2. Acha madonge kivulini mpaka udongo ukaze kidogo.
3. Mwombe mwalimu akukwangulie pembe za penseli moja ziwe mviringo. Penseli ya pili usiiguse.
4. Ingiza penseli nzima katika tundu la kwanza, ushike donge, na uizungushe. Fanya vivyo hivyo kwa penseli iliyokwanguliwa katika tundu la pili.

Utaona kwamba penseli nzima hulivuta donge lizunguke pamoja nayo. Penseli iliyokwanguliwa huteleza, na inapoteleza hukwangua kuta za tundu. Ukiizungusha mara nyingi, tundu huwa duara, na hapo hata penseli nzima haitashika tena.

Jaribio hili linatufundisha jambo kubwa. Kazi ya kuzungusha hufanywa na pembe. Bisibisi iliyolika pembe haijiharibu yenyewe tu, bali huharibu pia kila skrubu inayoigusa.

Kipimo kilicho sawasawa

Vigari vingi hutumia bisibisi za vipimo vinne: milimita 1.5, 2.0, 2.5 na 3.0. Vipimo hivi ni umbali wa kutoka upande mmja wa pembesita mpaka upande unaoukabili. Kwa mfano, skrubu yenye uzi wa milimita 3 na kichwa kirefu cha mcheduara hufunguliwa kwa bisibisi ya 2.5. Skrubu ya uzi huohuo yenye kichwa bapa au cha kitufe hufunguliwa kwa 2.0. Skrubu isiyo na kichwa, kama ile inayoikaza giya ndogo kwenye mota, hufunguliwa kwa 1.5.

Viko pia vipimo vya inchi. Inchi moja ni milimita 25.4. Bisibisi ya 3/32 ya inchi ina milimita 2.38. Ukiitia katika tundu la 2.5 itaingia, lakini itacheza kwa milimita 0.12. Nafasi hiyo huonekana ndogo. Hata hivyo, yatosha kuiacha ncha igeuke kidogo na kushika kwa pembe tupu. Usitumie kipimo kinachokaribia. Tumia kipimo chenyewe.

Nyembamba na nene

Chukua fito mbili za chuma cha namna moja, moja ikiwa na unene mara mbili ya nyingine. Je, ufito mnene hustahimili kusokotwa mara mbili tu zaidi? La. Hustahimili mara 2 × 2 × 2, yaani mara 8. Kwa hiyo bisibisi ya 1.5 ina sehemu moja ya nane tu ya nguvu ya bisibisi ya 3.0, zikiwa za chuma kimoja. Ndiyo maana bisibisi ndogo hulika kwanza. Kama fedha zako ni chache, nunua zilizo bora kwa vipimo vya 1.5 na 2.0, zile nene zaweza kuwa za kawaida.

Ugumu na ustahimilivu

Kunja kipande cha chaki. Kitavunjika bila kupinda. Kunja waya mwembamba wa chuma laini. Utapinda bila kuvunjika. Chaki haipindi lakini ni dhaifu kwa kuvunjika. Waya unastahimili kukunjwa lakini ni laini. Ncha ya bisibisi haifai kuwa kama chaki, wala haifai kuwa kama waya. Yapasa iwe ngumu kuliko skrubu, isilike, na iwe stahimilivu, isikatike.

Mhunzi hupata sifa hizo mbili kwa moto. Hukipasha chuma cha pua chenye kaboni ya kutosha mpaka kiwe chekundu, kisha hukizamisha ghafula katika maji au mafuta. Chuma huwa kigumu sana lakini chepesi kuvunjika. Baadaye hukipasha tena kwa moto wa kiasi. Hapo hupoteza ugumu kidogo na kupata ustahimilivu.

Viwandani ugumu hupimwa kwa mashine inayodidimiza ncha ya almasi katika chuma na kupima kina cha alama yake. Kipimo kimoja huitwa Rockwell C. Skrubu zenye alama 12.9 huwa kati ya 39 na 44. Ncha njema ya bisibisi huwa kati ya 55 na 62.

Vyuma vinavyotumika sana ni hivi:

(a) Chuma chenye kromi na vanadi. Kinafaa kwa kazi za kawaida.
(b) Chuma kiitwacho S2, chenye silikoni na molibdeni. Kinastahimili sana kishindo na msokoto.
(c) Chuma cha kukatia kwa kasi, chenye tangsteni au molibdeni nyingi. Ni kigumu sana na hakilainiki upesi kwa joto, lakini huweza kukatika kikipindishwa.

Baadhi ya ncha zina rangi ya dhahabu. Rangi hiyo ni utando wa titani na nitrojeni, ambao ni mgumu kuliko chuma. Lakini unene wake ni sehemu chache tu za elfu za milimita. Hupunguza kulika, ila hauwezi kukiokoa chuma laini kilicho chini yake. Wahenga walisema, vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu.

Kuchagua dukani

Kwanza, soma jina la chuma. Kama halikuandikwa, usishawishike kwa rangi.

Pili, tazama ncha mbele ya mwanga. Pembe zote sita ziwe kali, na uso wa mbele uwe bapa.

Tatu, epuka ncha yenye umbo la tufe kwa kukaza. Ncha hiyo huingia kwa mshazari, tena yafaa kuzungushia skrubu iliyokwisha kulegea. Lakini shingo yake ni nyembamba na hugusa tundu mahali padogo.

Nne, shika mpini. Mpini mnene huuzidishia mkono nguvu ya kuzungusha. Usiwe mnene mno kwa ncha ndogo, usije ukaikata.

Tano, uliza kama ncha yaweza kubadilishwa. Ncha mpya hugharimu kidogo kuliko bisibisi nzima.

Kutumia na kutunza

Toa mchanga katika tundu kwa sindano kabla ya kuingiza ncha. Ingiza ncha mpaka mwisho, isimame wima, kisha sukuma na kuzungusha. Kama skrubu imetiwa gundi ya kuzuia kulegea, usitumie nguvu nyingi. Mtu mzima aipashe kwanza kwa pasi ya kulehemu, na gundi italainika.

Ncha ikilika, mbele tu ndipo hulika. Fundi huweza kuisaga milimita 1 au 2 kwenye jiwe la kunolea, na pembe kali zilizokuwa nyuma zitafika mbele. Aizamishe majini mara kwa mara. Chuma cha kawaida kikigeuka rangi ya buluu, kimepashwa kupita kiasi na ugumu wake umepungua.

Maswali

1. Ni sehemu gani ya ncha ifanyayo kazi ya kuzungusha?
2. Motokaa ina urefu wa meta 4.5. Kigari chake cha moja ya kumi kina urefu wa sentimita ngapi?
3. Bisibisi ya 5/64 ya inchi ina milimita ngapi? Je, itacheza kiasi gani katika tundu la 2.0?
4. Eleza tofauti ya ugumu na ustahimilivu kwa kutumia mfano wa chaki na waya.
5. Mtembelee fundi baiskeli aliye karibu nawe. Mwombe akuonyeshe spana yake ya pembe sita iliyolika. Ichore katika daftari lako, na uandike jinsi ungeitengeneza.