Udi, Kanuni au Nai: Pesa Zako Ziende Wapi?

Anayetaka kujifunza muziki wa Kiarabu, au taarabu asilia ya Zanzibar inayotumia ala zilezile, huanza kwa kuulizia bei. Hapo ndipo anapopotea.

Chukua nai, yaani filimbi ya tete. Ya kujifunzia haizidi dola 60 hivi: tete moja tu, matundu sita mbele na moja nyuma. Rahisi, sivyo? Lakini kila nai ina sauti yake ya msingi. Mwimbaji akipandisha au akishusha wimbo, wewe unatafuta nai nyingine, ndiyo maana wapigaji hutembea na mfuko mzima. Zidisha bei mara sita au saba.

Kanuni ni kinyume chake: unalipa mara moja, ila unalipa kwelikweli. Iliyo na maana huanzia kama dola 500 na kupanda mbali. Kwa kawaida ina nyuzi 78, zilizopangwa tatu tatu, na zote hulegea au kukaza hewa ikibadilika. Daraja lake limekaa juu ya ngozi, na unyevu wa pwani hauionei huruma ngozi. Kinachopunguzwa kwenye kanuni za bei poa ni vile vikono vidogo vya chuma vya kubadilishia sauti. Vikiwa vichache au vinachezacheza, kuna maqam, yaani mipangilio ya sauti za muziki wa Kiarabu, hutazipata kamwe. Kama huna pesa ya kanuni nzuri, ngoja.

Mimi pesa yangu ningeiweka kwenye udi. Wa mwanafunzi kutoka Misri au Uturuki ni kati ya dola 150 na 400, na seti ya nyuzi 11, yaani jozi tano na mmoja wa besi, si ghali. Wa Kituruki ni mfupi kidogo, nyuzi zake urefu wa sentimita 58.5 hivi, na hukazwa juu zaidi. Wa Kiarabu hufika 61 au zaidi, sauti nzito. Ukikusudia kukaa na kikundi cha taarabu, chukua wa Kiarabu. Ule uliojaa nakshi za chaza waachie watalii, fedha imeishia kwenye urembo.

Kabla hujatoa pesa, funga jicho moja uangalie shingo kutokea kwenye vigingi: ikiwa imepinda, rudisha. Zungusha kila kigingi, kinachoteleza kitakutesa. Gonga mgongo taratibu kwa kidole, ubao ulioachia hutoa mlio wa kukwaruza.

Na ngoma, yaani dumbak? La aluminiamu lenye plastiki. La udongo na ngozi ni tamu zaidi, ila masika utalipasha moto kila mara.

Ukiagiza kutoka nje, lipia kasha gumu na umwambie muuzaji alegeze nyuzi kabla ya safari. Na kama uko Unguja, anzia DCMA, chuo cha muziki kilichofunguliwa 2002: lipia masomo kwanza, ununuzi baadaye.