Kompyuta Kuukuu ya Mezani na Mtandao wa Meshi Nyumbani



Wengi wetu husahihisha insha na kutunga mitihani tukiwa nyumbani, kwa kompyuta za mezani zilizonunuliwa zamani. Mwalimu mwenzetu mmoja hapa Kampala alifungiwa mtandao wa meshi. Simu za watoto zilipata intaneti hadi chumba cha mwisho, lakini kompyuta yake, yenye maandalio ya masomo ya miaka zaidi ya kumi, haikuuona mtandao huo kabisa. Fundi akamshauri anunue nyingine. Tulipoichunguza hatukuona ubovu wowote. Ilikosa tu njia ya kuufikia mtandao.

Meshi ni nini?

Katika mtandao wa kawaida wa pasi waya, ruta moja hurusha mawimbi nyumba nzima, nazo kuta huyadhoofisha. Meshi huwa na vituo viwili au zaidi. Kituo kikuu huunganishwa kwa waya na modemu ya kampuni ya intaneti. Vingine huwekwa vyumbani na kupokezana mawimbi. Vyote hutumia jina moja na neno la siri moja.

Kwa nini kompyuta haiuoni?

Kompyuta nyingi za mezani za zamani hazina kipokezi cha pasi waya. Nyingine zina kipokezi kinachopata mawimbi ya gigahazi 2.4 tu, si 5. Pengine tatizo ni ulinzi: mtandao ukikubali WPA3 pekee, iliyotangazwa mwaka 2018, kipokezi cha zamani hushindwa kuingia. Basi chagua mpangilio unaokubali WPA2 na WPA3 pamoja.

Njia tatu za kuunganisha

Kwanza, waya. Karibu kila kompyuta ya mezani ina tundu la waya wa mtandao kwa nyuma, linalofanana na la simu ya mezani ila ni pana zaidi. Vituo vingi vya meshi vina tundu kama hilo. Sogeza kituo kimoja karibu na kompyuta, kisha viunganishe kwa waya mfupi. Kituo ndicho kitakachopokea mawimbi. Kompyuta haitahitaji neno la siri wala adapta. Lakini kisiwe mbali mno na kituo kikuu, maana waya hauongezi nguvu ya mawimbi yaliyofika yakiwa dhaifu. Kabla ya kununua, kagua matundu, kwani baadhi ya vituo havina.

Pili, adapta ya USB. Programu yake ipakue kwa kompyuta nyingine na uilete kwa flashi, kwa sababu kompyuta isiyo na intaneti haiwezi kujipakulia. Ukiichomeka nyuma, bati la kompyuta huzuia mawimbi; tumia waya wa kurefusha uiweke juu ya meza.

Tatu, kadi ya ndani. Hii hufungwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta, na asiye na uzoefu amwite fundi.

Sisi tulianza na waya. Mwalimu wetu alinunua waya wa mita mbili tu, na jioni ile ile akafungua barua pepe za wanafunzi wake.

Tahadhari

Kabla ya kuunganisha, nakili mitihani na maandalio yako kwenye diski ya nje. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyopata marekebisho ya usalama hushambuliwa kwa urahisi, hivyo ni vema kuiwekea mfumo unaoendelea kuhudumiwa, kama vile Linux nyepesi. Ikiwa haiwezekani, iunganishe na mtandao wa wageni wa meshi, na usifanyie humo shughuli za benki.

Kabla hujaitupa kompyuta yako, basi, tazama kwanza nyuma yake. Huenda tundu unalolihitaji limekuwapo siku zote.